Gauni Lililorefuka

Sanamu ya dhahabu ilikaa bafuni, juu ya kabati la taulo, na kazi yake ilikuwa kushikilia kofia ya plastiki ya kuogea. Miezi miwili ya kwanza niliipangusa vumbi kila Jumatano nikidhani yule mama mzee niliyemhudumia aliwahi kushinda mashindano ya karata, maana wazee wa Toronto wanapeana tuzo kwa mambo ya ajabu. Siku nilipomuuliza aliipata kwa kufanya nini, aliwaza kidogo akasema, "Kwa kutupa vitu." Nikajua uzee umeanza kumchezea. Nikamfunga vifungo vya sweta na kumpa hongera.

Mimi nilikuwa mhudumu wa wazee majumbani. Nilikaa Etobicoke, pembeni mwa jiji, ghorofa ya kumi na moja, na kila asubuhi nilipanda basi, kisha treni ya chini ya ardhi, kisha tramu, mpaka kwenye jengo la matofali mekundu alikoishi peke yake. Alikuwa na miaka themanini na sita. Alizaliwa mji huu huu, akaondoka msichana kwenda Hollywood, akarudi mzee. Siku ya tatu nilianza kumwita Bibi bila kumwomba ruhusa, kwa sababu kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake tupu kulinipa homa. Alipojua maana yake alisema hana mjukuu hata mmoja, kwa hiyo nafasi ilikuwa wazi.

Kumbe kutupa vitu ilikuwa kweli. Bibi alikuwa mhariri wa filamu, mtu wa kukata na kutupa visivyofaa, wa enzi zile filamu ilipokuwa utepe unaoushika mkononi. Aliingia studio akiwa na miaka kumi na tisa, akapewa kazi ya kuunganisha ncha za vipande. Vyumba vile vilijaa wasichana, kwa sababu wakubwa waliamini kazi yenyewe haitofautiani na ushonaji: inataka mkasi, subira na mikono safi. Alivaa glavu nyeupe za pamba. Vipande vilining'inia juu ya pipa lililotandikwa kitambaa ndani ili visikwaruzike, na yeye alivijua kimoja kimoja kama mama anavyojua nguo za watoto wake kambani. Kwa miaka tisa filamu alizozikata zilitoka na jina la mwanamume aliyekaa nyuma yake akivuta sigara. Kisha mwongozaji mmoja akakataa kufanya kazi bila yeye, jina lake likaanza kuonekana, na baada ya miaka mingi ikaja ile sanamu, tuzo ya uhariri bora.

Niliposikia habari ya yule mwanamume na sigara zake nilipandwa na hasira mpaka nikaunguza uji. Bibi alicheka. Alisema yule mwanamume amekwisha kufa, na kwamba jina kwenye skrini hukaa sekunde nne tu, tena watu wakiwa wanatafuta makoti yao.

Nami nilimwambia kwamba mama yangu ni fundi cherehani Morogoro, miaka arobaini barazani pale pale kwenye cherehani ile ile. Hapo aliweka kijiko chini. Alitaka kujua kama mama huchora kwa chaki kabla ya kukata, na akikosea hufanyaje. Nikamwambia mama hakosei. Akasema basi angependa sana kukutana naye.

Nimesema haya yote ili nifike kwenye harusi ya mdogo wangu wa kiume. Alikuja Kanada kusoma, na mwaka wa pili akapendana na nesi wa kanisani kwetu, binti wa wazazi Wakenya aliyeletwa Etobicoke akiwa na miaka mitatu. Mimi nilimpenda. Tatizo lilikuwa simu. Binti yule alielewa Kiswahili chote, hata masengenyo, lakini ulimi wake ulijibu kwa Kiingereza. Mama akibipu, nami nikimpigia kwa kadi, nilimpa binti simu amsalimie. Alisema, "Shikamoo, Mama. I'm fine, Mama. Okay, Mama," halafu akanirudishia simu jasho likimtoka. Kule Morogoro mama alisikia msichana mwenye maringo anayesoma tangazo.

Mama aliomba viza ya kuja harusini, akanyimwa mara mbili. Mara ya pili hakulalamika, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Kwetu ni yeye anayemshonea gauni la kitenge kila bibi harusi anayeingia nyumbani. Aliwashonea wake za kaka zangu wote wawili, tena mmoja wao tumbo likiwa limeshaanza kuonekana, na gauni likamsitiri vizuri. Nilipomuuliza la huyu, alisema, "Sijui vipimo vyake."

"Nikutumie, mama?"

"Vipimo havitumwi kwa simu." Nikasikia cherehani yake ikisimama. "Nikuulize wewe uliyeko huko, na usinifiche. Hiyo ni harusi, au ni makaratasi?"

Nilielewa. Mdogo wangu viza yake ilikuwa ya mwanafunzi, binti alikuwa raia, na mama alishasikia habari za ndoa zinazofungwa kwa ajili ya watu wa uhamiaji, mpaka picha zake hupigwa kwa mpango. Niliapa kwamba wanapendana. Akasema kiapo changu amekisikia. Nikakata simu nikiwa nimeumia, na nikajiwekea nadhiri kwamba video ya harusi ndiyo itakayomjibu. Mpiga video wa kanisa nilikuwa mimi, kwa sababu moja tu: kamera ilikuwa yangu.

Harusi ilikuwa Februari na theluji ilifika magotini. Watu wetu wa huku wana desturi yao ya harusi za baridi: kila mgeni huja na mfuko wa viatu. Unaingia ukumbini na mabuti ya theluji, unainama mlangoni, unavaa viatu vyako vya sherehe, na mabuti unayapanga ukutani yakichuruzika maji. Kwenye kiti cha mama alikaa mdogo wake, yaani mama mdogo wangu, aliyetoka Mississauga, mji jirani, kwa treni. Nilimwona amekaa tu, ameshika mkoba mapajani, miguu ameikunja chini ya kitambaa cha meza, na nikafikiri anajifanya mkubwa. Baadaye ukafika wakati wa zawadi, watu wakapanga foleni wakicheza kuelekea kwa maharusi, naye akaja mbele akicheza taratibu, kichwa juu. Nikasema moyoni, ameshapoa.

Nilibaki na kanda nne, karibu saa nne za vurugu. Nikazipeleka kwa Bibi pamoja na kompyuta yangu. Hakuwahi kuhariri kwa kompyuta, na hakutaka kuigusa. Alikaa kwenye kiti chake cha mbao, akadai glavu zake nyeupe kutoka kwenye droo ingawa hapakuwa na cha kushika, akasema, "Kwanza bila sauti."

Zilikuwa wiki tatu za raha ambayo sikuwahi kuipata kazini. Baada ya chakula cha mchana tulitazama harusi ya mdogo wangu bila sauti, naye aligonga meza kwa penseli mahali pa kukata. Aliwajua wageni wote kwa nyuso. Alimchukia mshereheshaji. "Huyu anajipenda kuliko anavyowapenda maharusi. Toa." Nikatoa. Tukatoa hotuba ya mwenyekiti wa kamati, ambayo hata yeye mwenyewe nadhani alitamani itolewe. Kanda ya tatu ilikuwa na kipande kirefu ambapo niliisahau kamera mezani ikirekodi miguu ya watu huku mimi nimekwenda kula. "Kamera iliyosahauliwa. Toa." Palikuwa na pale bibi harusi anapanda jukwaa na mimi nikateleza, nikapiga ngazi badala ya uso. "Toa, na usirudie." Kisha alichukua cheko zuri la bibi harusi kutoka wakati wa zawadi akalihamishia mwanzo kabisa, pale anapoingia ukumbini. Aliingia akicheka kwa namna ambayo ungempenda papo hapo. Saa nne zikawa dakika ishirini na sita. Nililia nilipoitazama, na Bibi akaniangalia badala ya kuangalia skrini, akaridhika.

Diski ilibebwa na mtu wa kanisani aliyekuwa anakwenda Dar. Nilingoja kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Mama alibipu asubuhi moja nikiwa namchana Bibi nywele.

"Nimeiona," alisema.

"Umeionaje, mama?"

"Gauni la huyo binti lina nini? Anaingia, linafagia sakafu. Anakata keki, limepanda, ncha za viatu naziona. Anapewa zawadi, linafagia tena. Ni magauni mawili? Au mlimwingiza mara ya pili ili mpige picha nzuri?"

Nikamwambia gauni ni moja.

"Gauni moja halirefuki na kufupika. Mimi nimeshona tangu hujazaliwa. Mliigiza. Nilikuuliza, ukaniapia, halafu ukaniletea maigizo."

Akakata. Mama hakuwahi kunikatia simu kabla ya hapo. Nilibaki na kitana mkononi, na Bibi, nywele zake nusu zimechanwa, akataka aelezwe neno kwa neno. Nilimweleza. Nilitegemea atakasirika, mtu mwenye sanamu ya dhahabu anakosolewa na fundi wa barazani. Hakukasirika. Aliomba glavu.

Tulitazama dakika ishirini na sita zile mara tatu, na mara hii Bibi aliweka kidole kwenye pindo la gauni. Mama alikuwa sahihi. Pale mlangoni, ambako tuliweka cheko la wakati wa zawadi, kitambaa kilikaa sakafuni. Kwenye keki kilikuwa kimeinuka kama vidole vinne.

"Miaka arobaini nililipwa nisifanye kosa hili," Bibi alisema. Masikio yake yalikuwa mekundu. Akanihadithia kwamba katika filamu yake ya kwanza aliruhusu mwigizaji avuke mlango akiwa na glavu na atokee upande wa pili hana. Hakulala wiki nzima akingoja kufukuzwa. Filamu ilionyeshwa nchi nzima na hakuna mtu hata mmoja aliyesema kitu, si siku ile wala baadaye. Alipomaliza alianza kucheka, akacheka mpaka nikamletea maji. "Laiti mama yako angekuwa kati ya watazamaji," alisema.

Lakini hakuna aliyejua kwa nini gauni lilirefuka. Mimi niliyekuwepo na kamera sikujua. Bibi akafunga kompyuta kwa mara ya kwanza kwa mkono wake.

"Mpelekee yote," alisema. "Kanda zote nne, kwa mpangilio wake. Usikate hata kidogo."

Nilikataa. Nilimwambia ndani ya kanda zile kuna dakika nyingi za dari, kuna hotuba ya mwenyekiti, na kuna sauti yangu mwenyewe nikiusema vibaya wali wa harusi. Nilikuwa nimekasirika kweli, kwa sababu ile video nzuri niliiona ni yangu na sasa naambiwa nipeleke takataka zake. Bibi hakubishana. Alisema tu kwamba mtu anayeshuku ameonyeshwa kipande hatatulia mpaka ashike kitambaa kizima. Nikatengeneza diski nne, nikazifunga, nikampa msafiri mwingine. Sikumwambia mdogo wangu, wala mkewe.

Zikapita wiki mbili na siku kadhaa. Mama alipobipu nilikuwa tena kwa Bibi, nikaweka simu sauti ya juu.

"Tumeitazama siku tatu," alisema mama. "Mimi na wanawake wote wa hapa barazani. Wali ulikuwa na kasoro gani?"

"Haukuiva, mama."

"Nilidhani. Sasa nisikilize. Lile gauni nimeliona linaporefuka." Sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa na uchangamfu wa mtu aliyeshika mwizi. "Binti ameingia nalo fupi, amekata keki nalo fupi. Halafu kuna pale ulipoiacha kamera mezani. Mama yako mdogo amekaa, miguu ameificha. Mbele ya ile meza anapita bibi harusi. Anarudi. Anachuchumaa kama ameangusha hereni, gauni limetanda sakafuni. Anakaa hapo chini, anakaa, sisi tunahesabu. Anainuka, gauni limekuwa refu. Baadaye mdogo wangu anasimama kwenda kutoa zawadi, naye amekuwa mrefu. Huyo ni mdogo wangu, urefu wake naujua. Nikawaambia wenzangu, hapa kuna viatu vimehama."

Niliketi. Bibi alinivuta mkono akitaka tafsiri, nikamwashiria angoje.

"Na ulipoteleza ukapiga ngazi," mama aliendelea, "binti anainua gauni apande. Kwa ndani amevaa buti. Buti jeusi la theluji, na gauni lake jeupe. Amemalizia kucheza harusi yake na buti. Mpigie mama yako mdogo umuulize, mimi nikimuuliza nitamgombeza."

Nilimpigia pale pale. Mwanzoni alisema, "Viatu gani?" Kisha akasema, "Nani kasema?" Kisha akavuta pumzi. Alikuwa ameusahau mfuko wake wa viatu ndani ya treni. Amekuja kukaa kiti cha dada yake, mbele ya wakwe, na miguuni ana mabuti yanayochuruzika. Alikuwa ameamua hatasimama. Wakati wa zawadi ukifika atasema magoti yanamsumbua, bahasha ampe mtu. Bibi harusi alipita akaona maji yamelowesha zulia chini ya meza, akaelewa. Hakuulizwa, hakuombwa. Alichuchumaa akavua vyake, akamvalisha mama mdogo kwa mikono yake, akavaa mabuti yale ya maji baridi, akaondoka. "Vilinibana mpaka nikatoka malengelenge," mama mdogo alisema. "Wiki nzima nilichechemea, nikawaambia watu ni baridi ya goti. Niliona haya kumwambia mama yako, na binti aliniahidi hatasema."

Na hakusema. Hata kwa mumewe hakusema. Nilipomuuliza, aliinua mabega. "It was just shoes, wifi. Mama mdogo alikuwa anaona aibu."

Nilipomtafsiria Bibi habari nzima, alihesabu kwa vidole: kamera iliyosahauliwa, na ngazi. Vyote viwili alisema toa. Nilijaribu kumfariji, akaninyamazisha. Uso wake ulikuwa na furaha tupu. Aliniambia nimuulize mama kama anatafuta kazi. Mama alijibu kwamba kazi anayo, ana oda za Pasaka.

Oda mojawapo ilifika kwetu mwezi wa Mei, ndani ya begi la mchungaji mgeni, imefungwa kwenye gazeti. Gauni la kitenge, la kijani na manjano, refu mpaka chini. Bibi aliposikia alisema lijaribiwe kwake au atagoma kula, kwa hiyo Jumamosi tulikwenda wote, mdogo wangu, mkewe na mimi, na sambusa. Binti akaingia bafuni kubadili, akatoka na sanamu mkononi akiuliza kama ni ya kweli. Bibi akamwambia airudishe, kofia itaanguka.

Gauni lilimkaa mabegani na kiunoni bila mkunjo hata mmoja. Nilitazama chini. Lilikuwa fupi. Viatu vyake vya visigino vilionekana vyote, na vifundo vya miguu juu yake. Ndipo mdogo wangu, aliyekuwa anaokota gazeti, akakuta kikaratasi kimebanwa kwa pini, mwandiko wa mama wa herufi kubwa: AVUE VIATU.

Akavua. Pindo likashuka likasimama wima, nusu inchi juu ya zulia, likamzunguka lote sawasawa. Bibi aliomba asogezwe. Akainama kwa shida, akapitisha kidole kwenye ule ushonaji mpaka alipoanzia.

"Alimpima lini?" aliuliza.

"Hajawahi kumwona," nilisema. "Amempima kwenye zile kanda zako ulizozitupa."

Binti aliomba simu. Mimi nilijua jinsi simu ile inavyomtoa jasho, nikamwambia nitamsemea, akatikisa kichwa. Alisimama katikati ya sebule ya Bibi, peku, akangoja mama apokee.

"Shikamoo, Mama," alisema. "Mama, gauni limenitosha. Limenitosha kabisa. Asante."

Kwenye simu tukasikia cherehani ya mtu mwingine ikizunguka nyuma ya mama.

"Umevua viatu, mwanangu?"

"Nimevua, Mama."

Bibi alikuwa ananivuta mkono akitaka tafsiri, na mimi nikamwomba anipe dakika moja nifute uso kwanza.